Nyumba ya Watoto Wasiolia

Sifa kubwa aliyokuwa nayo Justa pale Mwakitolyo, na ambayo hakuitafuta, ni kwamba watoto wake hawalii. Si watoto aliowazaa. Huyo alikuwa mmoja tu, Dorah, naye utotoni alilia vya kuutosha ukoo mzima. Ni watoto wa watu. Kila siku, kabla jua halijapanda, wanawake waendao mwaloni kuosha mchanga wa dhahabu walipita kwake wakaacha vichanga, chupa za uji na mafungu ya nepi, kisha wakaenda zao kuinama mpaka jioni. Zamani waliinama na watoto mgongoni. Halafu viongozi wa mgodi wakatangaza kwamba ni marufuku kuingia na mtoto mwaloni kwa sababu ya zebaki, na kwa kuwa tangazo halikusema watoto wapelekwe wapi, wakapelekwa kwa Justa.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye kuponda mawe, mpaka kiuno chake kikastaafu kabla yake. Kulea watoto wanane chini ya paa la bati kulisemekana ni kazi nyepesi, na waliosema hivyo ni wale ambao hawakuwahi kuifanya. Mwaka wa kwanza watoto walilia. Mmoja akianza, wa pili humwunga mkono, na ikifika saa nne asubuhi nyumba nzima imekuwa mkutano wa hadhara usio na mwenyekiti. Justa alibeba wawili, akamtikisa wa tatu kwa mguu, akawaimbia waliobaki wimbo wa kanisani aliokuwa anaujua ubeti wake mmoja.

Kisha mkwewe Edson akapata. Edson alikuwa Msumbwa kutoka upande wa Geita, kijana mwenye bahati ya vipindi, na duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilipotema dhahabu alinunua televisheni ya inchi thelathini na mbili pamoja na king'amuzi, akaitundika ukutani kwa mama mkwe kama mtu anayelipa mahari kwa mafungu. Miezi miwili baadaye ilisikika kwamba Chunya kuna rashi mpya ya dhahabu, watu wanachota kwa mikono, naye akaenda kuchota. Hajarudi. Katika yote aliyoyaingiza Edson ndani ya nyumba ile, yaliyobaki ni mawili: televisheni na mtoto. Yote mawili aliachiwa Justa, maana Dorah naye alikuwa anashinda mwaloni.

Siku ya kuigundua dawa, mvua ilikuwa imewafukuza uani. Aliwaingiza watoto wote sebuleni, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, akabonyeza rimoti kwa kiwiko ili asikie angalau sauti ya mtu mzima. Ilikuwa katuni ya mbuzi wa kijani anayeendesha lori. Watoto wanane wakanyamaza kwa mara moja, kama waliosikia wimbo wa taifa. Justa alisubiri waanze tena. Hawakuanza. Akavuta kigoda, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akawa ameketi mchana bila kuwa mgonjwa.

Tangu hapo sifa zikaenea. "Mama Dorah ana mkono," walisema mwaloni. Wengine walisema ana dawa, na katika nchi ile hilo halikuwa tusi.

Mjukuu wake alizaliwa katikati ya utulivu huo, akapewa jina la Onesmo, la baba mzazi wa Edson. Alikuwa mtoto wa kusifiwa: alikula alichopewa, akalala alipolazwa, hakumsumbua mtu. Alipotimiza mwaka, ukimwita Onesmo hageuki. Mwaka na nusu, neno hakuna. Wageni walisema ana adabu. Lakini Dorah alipokuwa akirudi jioni, miguu myeupe kwa tope la mwaloni, alichuchumaa mbele yake akamwita, akamwita tena, na mtoto alimtazama kwa pembeni ya bega lake, kama mtu anayeangalia nani amesimama mbele ya dirisha.

"Mama," alisema siku moja, "huyu si bubu kweli?"

"Nyamaza," alisema Justa. Usiniulize kwa nini hilo ndilo jibu lililomjia.

Ikaitwa akili kubwa ya ukoo. Ngassa, kaka yake Justa, mfugaji wa Samuye, alikuja kwa baiskeli na kuku amemning'iniza kwenye usukani, kichwa chini. Alimtazama mtoto muda mrefu, akamwita, akapiga makofi, akakata kauli: mtoto amelikataa jina. Jina la upande wa Edson halikumkaa. Anadai la upande huu. Jambo hili si geni Usukumani. Mtoto akilia bila kukoma, au akikataa ziwa, au akikataa watu, wazee hukaa wakamtajia waliotangulia mmoja mmoja mpaka atakapoonyesha kwamba huyo ndiye. Huyu hakuwa analia, lakini Ngassa alisema kunyamaza nako ni kulia, ila kwa ndani.

Jumapili wakakusanyika. Unga wa mtama ukakorogwa na maji, kuku akachinjwa. Televisheni ilikuwa imewashwa nyuma ya mgongo wa Ngassa, sauti imezimwa kwa heshima ya marehemu watakaotajwa. Kuizima kabisa isingewezekana, kwani watoto wawili wa jirani walikuwepo. Ngassa akataja babu wa kwanza: kimya. Wa pili: kimya. Akataja, "Masele!" Mtoto akanyanyua uso, akatabasamu mpaka ufizi ukaonekana.

Vigelegele vikapigwa. Justa, aliyekuwa ameketi upande wa mtoto, alikuwa mtu mzima pekee aliyeona kwamba dakika ile ile mbuzi wa kijani alikuwa ametokea na lori lake. Hakusema. Kaka ametoka Samuye kwa baiskeli, babu amepatikana, kuku amekwisha chinjwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba mtoto amemchekea mbuzi.

Kwa miezi miwili Masele naye hakugeuka akiitwa Masele. Katekista wa kigangoni akasema anavyoona yeye tatizo ni kwamba mtoto hana jina la ubatizo, akambatiza Bartholomeo, na kwa bidii yake akaliandika mwenyewe kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu. Mtoto alivumilia maji kichwani bila kulia. Wote walikubali kwamba ana adabu.

Alipofika miaka miwili na miezi mitatu, Dorah aliomba ruhusa ya siku moja, wakapanda bodaboda mshikaki, dereva, Dorah, mtoto na Justa mwisho kabisa na kiuno chake, mpaka kituo cha afya kilichoko barabara kuu. Walisubiri kwa saa tatu kwenye benchi. Ukutani palikuwa na televisheni, na mtoto hakusumbua.

Nesi aliyewapokea aliitwa Apolonia, mwanamke mnene wa makamo, mwenye macho ya mtu aliyeanza zamu jana.

"Shikamoo mama," alimwambia Justa, ingawa huenda walilingana.

"Marahaba."

"Jina la mtoto?"

"Onesmo," alisema Dorah.

"Masele," alisema Justa, kwa wakati ule ule.

Nesi akaitazama kadi, akaliona la tatu kwa wino mwekundu. "Mmekuja na watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Na mwenyewe anaitikia lipi?"

"Hilo ndilo lililotuleta," alisema Justa.

Nesi Apolonia akaamka, akapita nyuma ya mtoto kama anayetafuta faili, akadondosha kijiko ndani ya bakuli la bati. Mtoto akageuka. Nesi akanong'ona, akasugua karatasi, mtoto akageuka tena. "Masikio yapo," alisema. Kisha akakaa mbele yake, akamwita kwa majina yote matatu, na hakuna aliyeitikia.

"Nyumbani kuna TV?"

"Ipo."

"Anaangalia?"

"Wanaangalia wote."

Justa akaeleza hao wote ni kina nani. Nesi akauliza wanaanza saa ngapi. Wanapofika, alijibu Justa. Mpaka saa ngapi? Wanapochukuliwa. Nesi akaweka kalamu chini, akatoa simu yake, akatafutatafuta, na muziki wa mbuzi wa kijani ukalia. Mtoto aliteremka mapajani kwa mama yake, akaizunguka meza, akampanda nesi mapajani bila kumtazama usoni hata mara moja, akatulia mbele ya kioo. Nesi akaitia simu kwenye droo. Mtoto akaitazama droo. Hakulia. Aliisubiri kama mtu anayesubiri dirisha la benki lifunguliwe.

"Kutwa nzima ni nani anaongea naye?" aliuliza nesi.

Justa alitaka kusema: mimi. Alijaribu kukumbuka aliyomwambia mtoto jana, akayapata: njoo, kaa, meza, lala. Kwa maneno manne hayo mtu angeweza kufuga mbwa, na mbwa wenyewe Justa aliwahi kuwaambia zaidi.

"Ile kitu inaongea kutwa," alijitetea Dorah. "Kiswahili, Kiingereza, mpaka Kihindi. Sisi tulidhani anajifunza."

"Mwanangu, kama kusikia peke yake kungefundisha, redio ingeshawafundisha ng'ombe wote wa Shinyanga. Mtoto hujifunza kwa kujibiwa. Anasema ba, unamwambia ba. Ananyoosha kidole, unatazama anachokionyesha. Ile ya ukutani haimjibu. Yeye akisema ba, yenyewe inaendelea na mambo yake. Mtu akisema mara mia hajibiwi, anaacha. Hata wewe ungeacha."

Justa alimkumbuka marehemu mumewe, akaona hoja ina nguvu.

"Chini ya miaka miwili isiwepo kabisa," aliendelea nesi. "Akivuka hapo, kidogo sana, na mtu mzima awe pembeni anamweleza."

"Mbona hapo nje mnayo?" aliuliza Dorah.

"Ile ni ili wagonjwa wasichoke kusubiri." Nesi akafikiri. "Ndiyo maana najua inavyofanya kazi."

Justa akauliza kile alichokuja kuuliza tangu asubuhi: akiizima, mtoto atasema?

"Siahidi, mama. Wako wanaochelewa kwa sababu nyingine kabisa, hata kwenye nyumba ambazo taa hazijafika. Lakini ya huyu siwezi kuyajua mpaka hilo liondoke njiani. Miezi mitatu. Zima, ongea naye, umtazame usoni. Nisipoona kitu, naandika barua aonwe mkoani."

"Niongee naye nini?"

"Chochote."

"Kama kipi?"

"Unachofanya, kiseme."

Njia nzima ya kurudi Justa alikuwa kimya. Kwenye bodaboda ya watu wanne hakuna anayeshangaa mtu kunyamaza.

Kesho yake aliigeuza televisheni ikatazama ukuta. Watoto wanane wakaketi mahali pao pa kila siku, wakatazama mgongo wa televisheni. Walikaa hivyo karibu nusu saa, na kwa dakika chache Justa alifikiri kwamba labda mgongo nao ungetosha. Kisha mmoja akaanza. Siku ile walilia kwa zamu, halafu kwa pamoja, halafu kwa zamu tena, waliopumzika wakichukua nafasi ya waliochoka.

Jioni wa kwanza kufika alikuwa Bhoke, mama wa Kikurya kutoka Tarime, aliyekuwa akichekecha mchanga kwenye karasha la kusagia mawe na kuongea kwa sauti ya kuishinda mashine hata akiwa mbali nayo.

"Mama Dorah! Kilio nimekisikia toka karashani. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimezima televisheni."

"Umeme upo?"

"Upo."

"Umeme upo na umeizima!" Bhoke akaangalia huku na huku akitafuta shahidi. "Wewe mama, una malaria?"

"Nesi anasema inawazuia kusema."

"Wa kwangu ana miezi kumi na mmoja. Aseme nini? Aniulize baba yake yuko wapi?"

"Wa kwangu ana miaka miwili na robo, Bhoke. Hajasema hata ba."

Bhoke akainama. Alimbeba binti yake, akamfunga mgongoni, akakaza kanga. Aliposema tena, alisema kama binadamu wa kawaida. "Nakuonea huruma, mama. Lakini mimi nikitoka kule mgongo umekatika. Mtoto aliyeshinda akilia analala akilia. Huyo nesi atakuja kunibebea?"

Justa alikuwa ameponda mawe miaka kumi na mmoja. Alijua Bhoke haongopi. Ijumaa binti wa Bhoke akahamia kwa Mama Blessing, mlezi mwingine upande wa pili wa soko, ambako kioo cha televisheni kilikuwa kikubwa nusu ya ukuta na watoto walikaa kama wako kanisani. Wiki iliyofuata wakahama wanne. Kwa Justa wakabaki wawili ambao mama zao walikuwa wageni, bado hawajajua mji, na mjukuu.

Sasa ikabaki kuongea. Na hapo ndipo Justa alipogundua kwamba kuponda mawe kulikuwa na heri. Jiwe ukilipiga linapasuka. Alikuwa amekulia kwenye boma ambalo mtoto mchanga hubebwa, hunyonyeshwa, huchezeshwa na dada zake. Mtu mzima kukaa akamsimulia mtoto asiyejibu kulikuwa dalili ya kurogwa. Kwao watoto walikuwa kumi na wawili, wakaongeleshana wenyewe. Hapa hakuna kumi na wawili. Yuko yeye.

"Sasa namenya kiazi," alimwambia mtoto, akiona aibu. "Sasa nakikata. Michembe hii. Sasa naianika juani."

Mtoto alitazama mgongo wa televisheni.

Vijana wa maduarani walipokuwa wakipita njia ya uani walimsikia. "Bibi, nani anaongoza?" aliuliza mmoja.

"Viazi wamefungwa mawili," alijibu Justa bila kunyanyua kichwa. "Pita, unaniziba jua."

Wakaondoka wakicheka, na tangu siku ile wakamwita Mtangazaji. Yeye akaendelea. Sasa nachota maji. Sasa kuku ameingia ndani, mtoe. Sasa nimeketi, kiuno kinauma, kiuno ni hiki hapa. Usiku midomo ilimuuma kama ya mpiga tarumbeta. Hakuwahi kujua kwamba mchana una mambo mengi hivyo yanayoweza kutajwa, wala kwamba yanachosha hivyo.

Ilikuwa vigumu zaidi kwa Dorah, ambaye alirudi amechoka na tamthilia yake imegeuziwa ukutani.

"Mama, leo wanafunga ndoa. Nusu saa tu, yeye amelala."

"Hajalala. Na hao wamefunga ndoa mara tatu tangu niwafahamu."

"Mimi ulinilea bila TV wala nini, wala hukuniongelesha. Mbona nilisema?"

"Ulisema mapema mno. Hata hatukuwa tumejiandaa."

Dorah alitaka kucheka, kicheko kikageuka njiani. Alikaa chini na tope lake, akalia bila sauti. Alisema wenzake mwaloni wameanza kumtazama. Alisema nyumbani kwa Edson wametuma salamu kwamba kwao hakuna bubu. "Kwa hiyo ni mimi, si ndiyo? Ni mimi niliyemwacha kutwa."

"Wewe ulikuwa kazini," alisema Justa. "Aliyekuwa hapa ni mimi. Aliyewasha ni mimi, kwa kiwiko hiki."

Halikuwa jambo la kufariji, lakini lilikuwa kweli, na Dorah akaenda kuoga.

Wiki sita zikaenda. Mtoto aliacha kuutazama mgongo wa televisheni. Akaanza kutazama kuku. Huo ndio ulikuwa mwendo wote wa wiki sita. Ngassa akaja tena kwa baiskeli, akasikiliza hali, akaketi, akasema amekaa na wazee na kuna jina la nne.

"Hapana, kaka," alisema Justa.

Hakuwahi kumwambia kaka yake hapana. Ngassa alitazama nyuma yake kuona labda ameambiwa mwingine.

"Unabishana na wazee, mayu?"

"Majina yamemzidi. Mtoto ana majina matatu na neno hata moja hana. Wazee wakitaka kusaidia waje wamwongeleshe, mimi koo limekauka." Kisha, kwa kuwa uchovu ukizidi huleta ujasiri wa bure, akamwambia habari ya Jumapili ile, na lori, na mbuzi.

Ngassa akavuta tumbaku kwanza.

"Mbuzi wa rangi gani?"

"Kijani."

"Kwetu hakuna mbuzi wa kijani," alisema Ngassa kwa uzito, kama mtu anayefunga kesi. Akafikiri tena. "Lakini abaki Masele. Kuku nilishachinja." Na ili haki itendeke, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, akamsimulia kwa Kisukuma habari za ng'ombe wake wote, kila mmoja na rangi yake na tabia yake na ugonjwa aliowahi kuugua, mpaka jua likashuka. Justa akalala kwenye mkeka pale pale. Hakuwahi kumpenda kaka yake kama alasiri ile.

Wiki ya tisa sauti ikamwishia. Vumbi la karasha na maneno ya miezi miwili vilikutana kooni, akaamka hana hata mnong'ono. Dorah alikwenda mwaloni. Wale watoto wawili wageni walilala. Justa akaketi uani kubangua karanga, kimya, na moyoni mwake alikuwa na furaha ya siri, ya mtoro wa shule. Amri ya nesi haiwezi kumfunga mtu asiye na sauti. Karanga ziliingia kwenye ungo, maganda yakaanguka chini. Ikapita robo saa.

Masele aliyekuwa anawafuata kuku akasimama. Akamgeukia. Akaja taratibu, akasimama mbele ya magoti yake, akautazama uso wake, si bega, si kilichoko nyuma: uso. Akangoja. Kisha akanyoosha mkono wenye mavumbi, akaushika mdomo wa chini wa bibi yake kwa vidole viwili, akauvuta, kama anayejaribu kufungua kitu kilichokwama.

Justa hakuthubutu kusogea. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Mtoto akavuta tena, kwa nguvu, akakunja uso. Na kwa kuwa aliyepaswa kuanza hakuanza, akaanza yeye.

"Tata," alisema.

Sasa. Ndivyo lilivyoanza kila jambo kwa miezi miwili: sasa namenya, sasa nachota. Justa akatikisa kichwa kukubali, akachukua karanga, akaionyesha. "Tata," alisema mtoto, na karanga ikabanguliwa. Wakaendelea hivyo mpaka ungo ukajaa. Jioni Dorah alipofika alimkuta mama yake hana sauti, macho mekundu, akimwonyesha kwa kidole na hawezi kueleza. Ilibidi mtoto mwenyewe aseme.

Miezi mitatu ilipotimia walipanda tena mshikaki. Nesi Apolonia alikuwa na macho yale yale ya mtu aliyeanza zamu jana.

"Masele," aliita. Mtoto akamtazama. Nesi akamtazama Justa, akaandika. "Maneno mangapi?"

"Manne," alisema Dorah. "Tata, ni sasa. Minzi, ni maji, hilo kalitoa kwa mjomba. Hi, anauliza kitu, hii ni nini. Na mama." Hapo akaangalia pembeni kidogo. "Anamwita bibi yake."

Nesi alilisikia lililokuwa ndani ya hilo, hakuligusa. "Kwa umri wake tungependa yawe hamsini," alisema. "Yuko nyuma, sitawaficha. Lakini anatazama, anaitikia, anauliza. Barua ya mkoani siandiki leo. Endeleeni miezi mitatu mingine."

"Mingine?" aliuliza Justa, kwa sauti ambayo ilikuwa imerudi nusu.

"Mingine. Na wale wengine saba?"

"Wawili ninao. Watano wamehamia kwa Mama Blessing, kwenye televisheni."

"Hao watano wanaendeleaje?"

"Hawalii," alisema Justa.

Nesi Apolonia akautazama mlango. Foleni nje ilikuwa ndefu.

Walisimama kando ya barabara kuu kungoja usafiri, Masele amebebwa na Justa kiunoni, kwenye kile kile kiuno. Justa alikuwa amepanga kunyamaza mpaka nyumbani. Aliona ameustahili ukimya huo. Lakini ilikuwa siku ya mnada, na kutoka upande wa Samuye kundi la ng'ombe likaja likifuata ukingo wa lami, mbele yao wachungaji wawili na fimbo, nyuma vumbi.

"Hi?" alisema Masele, kidole mbele.

"Ng'ombe," alisema Justa.

Kidole kikahamia kwa anayefuata. "Hi?"

"Ng'ombe."

"Hi?"

"Huyo naye ng'ombe. Mweusi."

"Hi?"

Justa akanyanyua macho kulitazama kundi. Halikuwa na mwisho. Ulipodhani limeishia kwenye vumbi, ndani ya vumbi zilitokea pembe nyingine.

"Mwambie tu wote ni ng'ombe, mama," alisema Dorah. "Utakufa."

"Hajauliza wote," alisema Justa, akimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. "Ameuliza huyu."